Suez 1956: Jinsi ya kusoma magazeti yanayopingana

Jioni ya tarehe 26 Julai 1956, Rais Gamal Abdel Nasser wa Misri alihutubia umati mkubwa mjini Alexandria. Katika hotuba hiyo alilirudia-rudia jina la Ferdinand de Lesseps, Mfaransa aliyesimamia uchimbaji wa Mfereji wa Suez. Jina hilo lilikuwa ishara. Watu wake waliokuwa wakisikiliza redioni waliingia katika ofisi za Kampuni ya Mfereji wa Suez na kuzishika, na hotuba ilipofika mwisho kampuni ilikuwa imekwisha taifishwa.

Kesho yake magazeti ya London na Manchester yalibeba habari moja, na hasira yake haikupishana sana. Kufikia mwanzoni mwa Novemba yalikuwa yametengana kabisa. Daily Express la Lord Beaverbrook lilisimama na Waziri Mkuu Anthony Eden huku ndege za Uingereza zikishambulia viwanja vya ndege vya Misri. Manchester Guardian lilikuwa limesema kwamba onyo la mwisho ambalo Uingereza na Ufaransa ziliipa Misri ni upumbavu usio na utetezi wowote zaidi ya manufaa ya muda mfupi.

Msomaji wa leo anayeletewa ugomvi wa mataifa na magazeti ya mirengo miwili atapata kwa Suez mazoezi mazuri kuliko kwa ugomvi wa wiki hii. Nyaraka za serikali zimefunguliwa, waliohusika wameandika kumbukumbu zao, na magazeti yenyewe yamehifadhiwa maktabani. Mtu anaweza kuweka alichoambiwa msomaji asubuhi ile kando ya kilichokuwa kikijulikana ofisini kwa Eden siku ile ile. Kwa ugomvi unaoendelea, nafasi hiyo haipo.

Cha kutazama mapema kabisa ni tarehe ambayo gazeti linaanzia kusimulia. Magazeti yaliyokuwa upande wa Eden yalianzia tarehe 26 Julai: mwanajeshi aliyeshika madaraka amepora mali ya watu. Habari ikianzia hapo, linabaki swali moja tu, namna ya kumwadhibu. Rudi nyuma wiki moja. Tarehe 19 Julai, Marekani kupitia waziri wake wa mambo ya nje, John Foster Dulles, iliondoa ahadi ya kusaidia kugharamia Bwawa la Aswan, na Uingereza ikafuata. Anayeanzia hapo anamwona kiongozi aliyenyimwa fedha akazitafuta kwingine. Rudi hadi Juni mwaka ule ule, askari wa mwisho wa Uingereza walipoondoka katika eneo la mfereji baada ya nchi yao kuikalia Misri tangu 1882, na sasa taifa linaonekana likimalizia kuutwaa uhuru wake. Rudi tena hadi 1875, pale Waziri Mkuu wa Uingereza Benjamin Disraeli aliponunua hisa za mtawala wa Misri, Khedive Ismail, asilimia 44 ya kampuni nzima. Kwa mtazamo huo Uingereza ni mwenye mali aliyedhulumiwa.

Tarehe zote nne ni za kweli. Gazeti halihitaji kusema uongo hata kidogo ili limfikishe msomaji linapotaka. Linachagua tu mahali pa kuanzia. Kwa hiyo dawa ni rahisi na haigharimu kitu. Msomaji achukue kalamu, atafute katika kila habari tukio la zamani kuliko yote lililotajwa, aandike tarehe yake pembeni, kisha alinganishe gazeti na gazeti. Mara nyingi atagundua kwamba kila upande umeanzia siku ambayo mwenzake alikosea.

Baada ya tarehe, aangalie kitu chenyewe kinachogombewa kimeelezwaje. Kilichotaifishwa ni kampuni, ambayo makao yake makuu yalikuwa Paris lakini ilikuwa imeundwa chini ya sheria za Misri, na mkataba wake wa kuuendesha mfereji ulikuwa umalizike mwaka 1968. Nasser aliahidi kuwalipa wenye hisa fidia kwa bei ya soko la Paris. Haki ya meli kupita lilikuwa jambo la pili, lililolindwa na Mkataba wa Constantinople wa 1888. Hapo palikuwa na maswali mawili: nani ataiendesha kampuni, na je, meli zitaendelea kupita? Kichwa cha habari kinachosema mfereji umenyakuliwa huyafunga maswali hayo mawili kwa kamba moja, na msomaji hapati nafasi ya kujibu ndiyo kwa moja na hapana kwa jingine.

The Times, gazeti lililosomwa na mawaziri na mabalozi, lilikwenda mbali zaidi. Katika tahariri ya tarehe 1 Agosti lilieleza kwamba kubishana iwapo Nasser alikuwa na haki kisheria kutawafurahisha wapenda vijambo vidogo na kuwafariji waoga, lakini hakugusi kiini cha mambo. Sentensi ya aina hii inastahili kumsimamisha msomaji pale pale. Gazeti linapomshawishi kwamba swali fulani halifai kuulizwa, ndilo la kulitafutia majibu kwanza. Wakati huo, ndani ya Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza, mshauri wa sheria Sir Gerald Fitzmaurice alikuwa akishikilia kwamba kutumia nguvu dhidi ya Misri hakuna msingi wa sheria. Eden hakutaka kumsikiliza. Swali lililoitwa la waoga ndilo lililokuwa likiwasumbua wanasheria wa serikali yenyewe.

Upande wa pili nao ulikuwa na jambo lake lisilopendeza. Misri ilikuwa ikizizuia meli za Israel kupita mferejini, na Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliitaka iache tangu 1951. Aliyemwona Nasser kuwa mtetezi wa haki ya taifa lake alipaswa kulieleza hilo pia. Kanuni inayofaa hapa ni kutafuta katika kila gazeti jambo linaloliumiza gazeti lenyewe. Likikosekana kabisa kwa wiki nzima, msomaji ajue anapewa hoja za wakili wa upande mmoja.

Sehemu ngumu ya somo hili huwapita watu wengi. Msomaji aliyeamua kununua magazeti mawili ya mirengo tofauti hudhani amejikinga: yakibishana, atachukua ukweli ulio katikati, yakikubaliana, basi jambo limethibitika. Suez inaonyesha kuwa kukubaliana kwa wapinzani ndiko kunakohitaji uangalifu mkubwa zaidi.

Mwishoni mwa Julai 1956, Daily Mail la mrengo wa kulia lilimwita Nasser Hitler wa Mto Nile. Daily Herald, gazeti la harakati za wafanyakazi, nalo likamleta Hitler. Daily Mirror, lililosomwa na mamilioni na kukipendelea chama cha Labour, likamkumbusha Nasser yaliyompata Mussolini. Tarehe 2 Agosti kiongozi wa Labour, Hugh Gaitskell, alisimama bungeni na kusema kwamba hali hii inafahamika vizuri, ni ile ile waliyokutana nayo kwa Mussolini na Hitler kabla ya vita. Kulia kwasema Hitler, kushoto kwasema Hitler. Msomaji wa kawaida angetilia shaka wapi?

Mfano huo ulikuwa na kazi. Kwa Mwingereza wa 1956, miaka kumi na mmoja baada ya Vita Kuu ya Pili, kumtaja Hitler kulileta pia jina la mji wa Munich, ambako mwaka 1938 Waziri Mkuu Neville Chamberlain alikubali Czechoslovakia imegwe ili amani ipatikane. Eden mwenyewe alijiuzulu uwaziri wa mambo ya nje Februari 1938 akipinga siasa za Chamberlain. Ukikubali kwamba Nasser ni Hitler, mazungumzo yanakuwa usaliti na subira inakuwa woga, kabla mtu hajatazama kama Misri ya 1956 ina jeshi, viwanda au nia ya kuiteka dunia. Gaitskell katika hotuba ile ile alisisitiza kwamba nguvu isitumike kinyume cha Umoja wa Mataifa, lakini walioshabikia vita walibaki na nusu ya kwanza. Baadaye, Labour ilipogeuka kupinga vita waziwazi, maneno yale yalirudi kumsuta, na wapinzani wake wakamwita kigeugeu.

Kwa hiyo pale magazeti yanayogombana kila siku yanapotumia mfano mmoja wa kihistoria kwa adui mmoja, msomaji asichukue mfano huo kuwa ushahidi. Autenganishe vipande vipande: huyu anafanana na yule katika lipi hasa, na katika lipi hafanani? Gazeti lililojibu sehemu zote mbili limefanya kazi. Lililotoa jina tu limeazima hofu ya zamani.

Kuna namna nyingine ya kukubaliana iliyo ngumu zaidi kuiona. Msimu ule wa joto sauti nyingi za Uingereza zilishikilia kwamba Wamisri hawataweza kuuendesha mfereji, kwamba marubani wa kigeni wakiondoka meli zitagongana au kukwama. Usiku wa kuamkia tarehe 15 Septemba marubani wengi wa Ulaya wakaondoka kweli. Wamisri, wakisaidiwa na marubani Wagiriki na wengine wachache, waliendelea kuzipitisha meli, na misafara haikusimama. Utabiri una faida hii kwa msomaji kuliko maoni: una siku ya kuhesabiwa. Akate kipande cha gazeti chenye utabiri, akiweke, akifungue siku inapofika. Gazeti lililokosea likakiri lina thamani kuliko lililokosea likahamia hoja nyingine bila neno.

Mambo yalichacha mwishoni mwa Oktoba. Tarehe 29 Israel iliingia rasi ya Sinai nchini Misri. Kesho yake Uingereza na Ufaransa zikatoa saa 12 kwa pande zote mbili ziondoke maili 10 kutoka mferejini, yaani zikawataka Wamisri warudi nyuma ndani ya nchi yao. Misri ikakataa. Ndege zikaanza kushambulia tarehe 31, na askari wa miavuli wakashuka Port Said Novemba 5. Serikali ilidai imeingia kuwatenganisha wapiganaji, na Eden aliliambia Bunge kwamba nchi haiko vitani na Misri bali katika hali ya mapigano ya silaha. Magazeti ya upande wake yaliipokea lugha hiyo. Mirror liliviita vita vya Eden. Wamisri hadi leo wanayaita uvamizi wa nchi tatu, na Waisraeli kampeni ya Sinai. Katika jina la Waisraeli, Waingereza na Wafaransa hawaonekani kabisa.

Siku hizo kipimo muhimu kuliko vyote kilikuwa gazeti kuachana na watu wake. Daily Express kumuunga mkono Eden hakumpi msomaji habari mpya, kama vile Mirror kumlaumu. Habari ilikuwa kwa wale waliotoka nje ya mstari. The Spectator, jarida la kihafidhina lililokuwa chini ya Ian Gilmour, lilipinga. The Economist lilipinga. The Observer halikuwa gazeti la chama, na wengi wa wasomaji wake walikuwa watu wa tabaka la kati waliozoea kuheshimu serikali. Tarehe 4 Novemba tahariri yake chini ya mhariri David Astor ilisema halikuwa limetambua kwamba serikali yao inaweza kuwa na upumbavu na hila za kiasi kile. Baadhi ya wasomaji walilikimbia na watangazaji wa biashara wakaondoa matangazo yao. Gazeti lililokubali hasara ya namna hiyo huenda likawa limekosea pia, lakini angalau msomaji ana uhakika kwamba halikuandika ili liuze. Astor alichapisha lililomgharimu, na anastahili heshima kwa hilo.

The Times ni kisa cha kusikitisha zaidi. Eden alikuwa amewaamini watu wa juu wa gazeti hilo, akamweleza mhariri wa habari za nje, Iverach McDonald, mambo ambayo umma haukuyajua. Siri ikikaa kwa mhariri, mkono wake huwa mzito. Kufikia mwisho wa Oktoba tahariri za The Times zilionyesha wasiwasi, hasa kwamba Marekani haikushauriwa, lakini wasomaji hawakuambiwa kila ambacho gazeti lao lilikuwa limekwisha sikia. Gazeti lililo karibu sana na ofisi ya waziri mkuu, rais au balozi hujua mengi na huandika machache. Hilo ni la kukumbukwa na kila anayesoma habari iliyojaa maneno kama "vyanzo vya ngazi ya juu".

Tahariri na habari kutoka uwanjani zisomwe kwa macho tofauti, hata katika gazeti moja. Manchester Guardian lilikuwa na mwandishi wake, James Morris, upande wa Israel. Udhibiti wa kijeshi ulizuia mengi. Morris alipotoka na kufika Cyprus, akatuma habari kwamba marubani wa Kifaransa walikuwa wameshiriki mapigano kuisaidia Israel. Gazeti likaichapisha Novemba hiyo hiyo. Ilikuwa kati ya dalili za mwanzo kabisa zilizochapishwa kwamba Uingereza, Ufaransa na Israel zilikuwa zimepanga pamoja, jambo ambalo Eden alilikana bungeni tarehe 20 Desemba. Hoja za tahariri, nzuri au mbaya, zilibishaniwa na kusahauliwa. Maelezo ya mtu aliyekuwepo yalibaki. Msomaji mwenye muda mfupi afanye hivi: aruke tahariri, atafute jina la mji pale habari ilipoandikiwa, aulize mwandishi aliona nini na aliambiwa nini. Na kama mwandishi alikuwa chini ya udhibiti wa jeshi, atafute habari yake ya kwanza baada ya kutoka.

Waliokosekana sana katika magazeti yote hayo ni Wamisri wenyewe. Mrengo wa kulia ulimjadili Nasser. Wa kushoto ulimjadili Eden, Umoja wa Mataifa na heshima ya Uingereza. Mfanyakazi wa mferejini au mwenye nyumba wa Port Said hakuwa na safu. Uchunguzi wa Sir Edwin Herbert, ulioombwa na serikali ya Uingereza yenyewe, ulikadiria waliouawa Port Said kuwa kiasi cha watu 650, hesabu kubwa kuliko ile iliyotolewa mwanzoni. Hata gazeti lililo upande wa amani laweza kugeuza ugomvi wa kimataifa kuwa ugomvi wa nyumbani kwake, na mgeni akabaki jina tu. Kuhesabu ni watu wangapi wa nchi ya pili walionukuliwa kwa majina yao katika ukurasa mmoja ni kazi ya dakika mbili, na matokeo yake mara nyingi hutia aibu.

Wasikilizaji wa Kiswahili wa enzi hizo walikuwa na bahati ambayo wasomaji wengi wa London hawakuwa nayo. Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilikuwa hewani tangu 1939, na tangu 1954 Sauti ya Cairo nayo ilitangaza kwa Kiswahili, ikishambulia ukoloni waziwazi. Mwenye redio Unguja au Mombasa aliweza kuisikia London, kisha akageuza kitufe na kuisikia Cairo, zote kwa lugha yake. Zote mbili zilikuwa na mwenyewe aliyezilipia. Lakini aliyezisikiliza zote alijua walau kile ambacho kila upande uliogopa kukisema.

Mbinu hizi zinafanya kazi mbali na Suez. Mwaka 1982, Argentina ilipoviteka visiwa vya Falklands ambavyo yenyewe huviita Malvinas, The Sun lilichapa kichwa cha habari cha kushangilia kuzamishwa kwa meli ya General Belgrano, ambamo watu 323 walikufa, kisha likayashutumu The Guardian na Daily Mirror kwa usaliti. Mirror likajibu kwa kuliita kahaba wa Fleet Street, mtaa wa magazeti wa London. Huko Buenos Aires jarida Gente liliwaambia Waargentina kwamba wanashinda, wiki chache kabla ya jeshi lao kusalimu amri tarehe 14 Juni. Aliyesoma magazeti ya London peke yake alipata ugomvi mkali kati ya magazeti na akaamini amesikia pande zote. Upande wa Argentina hakuusikia.

Karibu na nyumbani, tarehe 12 Oktoba 2021 Mahakama ya Kimataifa ya Haki mjini The Hague ilitoa hukumu katika kesi ya mpaka wa bahari kati ya Somalia na Kenya. Mogadishu iliipokea kuwa ushindi. Rais Uhuru Kenyatta aliikataa. Aliyeishia kwenye vichwa vya habari alibaki na ushindi mtupu au dhuluma tupu. Hukumu yenyewe ina sura zaidi ya hizo. Majaji walikataa hoja ya Kenya kwamba Somalia ilikuwa imekwisha kubali mpaka unaofuata mstari wa latitudo, na sehemu kubwa ya eneo lililobishaniwa ikaangukia Somalia. Lakini hawakuuchora mstari kama Somalia ilivyoomba. Waliusogeza kwa faida ya Kenya, na walikataa madai kwamba Kenya ilivunja wajibu wake wa kimataifa kwa shughuli zake katika eneo hilo. Hukumu hiyo iko wazi kwenye tovuti ya mahakama, na sehemu ya mwisho yenye maamuzi ni fupi. Panapokuwa na hati, mkataba au hukumu, msomaji aanze nayo kabla ya gazeti lolote, hata kama ni aya tano tu.

Kwa Suez, hati iliyohitajika haikuwepo mezani. Makubaliano ya siri ya Uingereza, Ufaransa na Israel yalitiwa saini Sèvres, nje kidogo ya Paris, tarehe 24 Oktoba 1956. Eden aliagiza nakala ya Uingereza iharibiwe. Nakala ya Israel ilihifadhiwa, na umma ukaja kuiona katika miaka ya 1990. Msomaji wa Novemba 1956 hakuweza kuijua, ila aliweza kuona kwamba saa 12 za onyo zilikuja haraka kuliko kawaida, kwamba zilimtaka aliyeshambuliwa arudi nyuma, na kwamba Marekani, rafiki mkubwa wa Uingereza, ilipiga kura dhidi yake Novemba 2 katika Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, kura 64 kwa 5. Mambo hayo matatu yalichapishwa hadharani, katika magazeti ya pande zote mbili.